Taa Inayotembea Juu ya Tangi Kubwa la Samaki: Mwongozo Kamili wa Kuirekebisha Isikwame na Isiache Ncha Gizani

Maswali ninayoulizwa kuhusu taa zinazotembea ni yaleyale matatu. Taa imekwama upande mmoja. Ncha za tangi zina giza ilhali katikati mwani umeshamiri. Waya umekatika ndani ya ganda lake baada ya miezi michache. Anayeuliza mara nyingi ameshabadilisha mota mara mbili, na shida iko palepale.

Mota haina kosa. Mifumo hii huharibikia pale inapotakiwa kusimama na kugeuka: kwenye swichi ya mwisho wa reli, kwenye kebo inayokunjwa mahali pamoja kila safari, na kwenye dakika ambazo taa ilipaswa kutulia nchani lakini ikageuza papo hapo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kusimama.

Jambo jingine lijue kabla hujanunua hata skrubu. Taa inayotembea hugawa mwanga, haiuongezi. Taa moja ikipita juu ya tangi refu, kila tumbawe linapata sehemu tu ya kile ambacho lingepata kama taa ingesimama juu yake. Kama taa yako ni dhaifu ikiwa imetulia, kuitembeza kutakupa udhaifu uliosambaa vizuri.

Vipimo nitakavyotumia ni vya tangi la sentimita 240 kwa 75 kwa 60, yaani lita 1,080 hivi, na taa ya LED yenye urefu wa sentimita 60 na uzito wa kilo 4. Nachukulia kwamba tayari una mfumo ulionunuliwa: reli, kigari, na mota ndogo ya gia yenye kasi moja. Taa na vining'inizio vyake tutavibakiza. Reli, kigari, mota, swichi na waya wa zamani vinatoka.

## Vifaa

Vya reli na kigari:

- Reli ya aluminiamu yenye mifereji, saizi 2040 (yaani milimita 20 kwa 40), urefu wa sentimita 240
- Bamba la kigari lenye magurudumu manne ya plastiki ngumu. Beringi ziwe za chuma kisichoshika kutu
- Vishikio vitatu vya pembe-mraba vya kufungia reli kwa nyuma
- Vizuizi viwili vya chuma vya kufunga kwa bolti kwenye ncha za reli
- Kamba ya waya ya stenlesi ya milimita 2, yenye vibano vyake
- Bolti, nati na washa za stenlesi, daraja la 316 kama unafuga viumbe wa maji chumvi

Vya mwendo:

- Mota ya hatua (stepa) ya saizi ya NEMA 17
- Mkanda wa meno wa GT2, upana wa milimita 6, wenye nyuzi za kioo ndani. Usichukue wenye nyuzi za chuma, kwa kuwa mvuke wa chumvi huzitia nyuzi hizo kutu kwa ndani
- Puli ya meno 20, puli ya kuzungukia upande wa pili, na kikaza mkanda

Vya umeme:

- Pawa saplai ya voltu 24 iliyofunikwa kiwandani, pamoja na fyuzi
- Draiva ya TMC2209 (inayoisukuma mota hatua kwa hatua) na bodi ya Arduino (kompyuta ndogo ya kuongoza mfumo), pamoja na kipunguza voltu kutoka 24 hadi 5
- Kapasita ya mikrofaradi 100, voltu 35 au zaidi
- Swichi mbili za ukomo za IP67 (zisizoingiza maji wala vumbi), za aina ambayo saketi imefungwa mpaka ikibonyezwa
- Swichi moja ya sumaku na sumaku yake
- Rizista ya kiloomu 10, king'ora kidogo, boksi lisilopitisha maji, na kebo laini yenye nyuzi nyingi nyembamba
- Mnyororo wa kubebea kebo
- RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampea 30 kwenye soketi inayolisha tangi zima. Hii si ya hiari

Vya kupimia: futi kamba, pima maji, multimita, mizani ya kuning'iniza na kipima mwanga. Kipima PAR, yaani mwanga ambao mimea na matumbawe huutumia, ndicho bora. Cha lux, kinachopima mwanga kama jicho linavyouona, huidharau taa ya bluu, ila kwa kulinganisha sehemu na sehemu chini ya taa ileile kinatosha.

## Hatua ya 1: Funika tangi, zima umeme, ondoa ya zamani

Chomoa plagi za taa na mota. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Kisha laza ubao juu ya tangi lote, na chini yake tandika kitambaa kikavu.

Ubao huo ni wa kuzuia skrubu zisizame. Kipande cha shaba nyeupe kikidondoka nyuma ya mawe bila wewe kujua, shaba huyeyuka polepole, na shaba ni sumu kwa kamba, konokono na matumbawe hata ikiwa kidogo.

Shusha taa, ifute chumvi kwa kitambaa chenye maji safi, iache ikauke. Usiifungue yenyewe. Marekebisho yote tutakayofanya yako nje ya taa.

Kama kigeuza umeme cha taa kilikuwa kimefungwa juu ya kigari, kihamishie ukutani, nje ya eneo la matone. Kigari kitakuwa chepesi, na kifaa chenye umeme mkubwa hakitakuwa tena juu ya maji.

Umefaulu ukiona: hakuna kitu chenye umeme juu ya tangi, na kila skrubu uliyotoa iko kwenye kopo moja.

## Hatua ya 2: Funga reli isiyopinda

Hapa wengi hujiwekea tatizo litakaloonekana baada ya mwaka. Reli ya saizi 2020 ikishikwa ncha zake mbili tu kwa urefu wa sentimita 240, na uzito wa kilo 5 ukiwa katikati, hujikunja kama sentimita 3. Kigari kinateremka kuelekea katikati, kisha kinapanda kilima kufika nchani. Mota inaruka hatua kwenye kile kilima, halafu unalaumu mota.

Reli ya 2040 ikisimamishwa kwa upande wake mpana, uzito uleule huipinda kama milimita 4 au 5. Weka na kishikio cha tatu katikati, na mpindo unakuwa mdogo kiasi cha kutoonekana.

Vishikio vyote vitatu vifungwe upande wa nyuma wa reli. Magurudumu yanapita kwenye kingo za juu na chini, na bamba la kigari liko mbele, kwa hiyo nyuma ndiko pekee ambako hapatagongwa na kitu.

Funga kwenye mbao au zege la dari, au kwenye fremu inayosimama sakafuni. Usiegemeze reli kwenye ukingo wa kioo cha tangi hata kama unaonekana mnene. Kioo kile kimeundwa kuzuia maji yanayosukuma nje. Kubeba mzigo unaotikisika ni kazi nyingine.

Pima maji liwekwe sehemu tatu: kushoto, katikati, kulia.

Umefaulu ukiona: ukiweka kigari kitupu mahali popote na kukiachia, hakiendi kokote.

## Hatua ya 3: Kigari, taa, na kamba ya pili

Bamba liko mbele ya reli, kwa hiyo taa ikining'inia moja kwa moja chini ya bamba, uzito unavutia kigari kijipinde na magurudumu ya juu yanalika upande mmoja. Tengeneza mkono wa chuma wenye umbo la herufi U iliyolala, unaorudi nyuma hadi chini ya reli yenyewe. Ning'iniza taa kwenye ncha ya mkono huo, katikati ya uzito wake.

Kaza magurudumu kwa nati zile zenye tundu lililo kando kidogo ya katikati. Ukilizungusha gurudumu kwa kidole huku kigari kimesimama, liteleze kwa shida kidogo. Likizunguka bure limelegea. Likigoma kabisa umekaza kupita kiasi na plastiki itapata bapa.

Kisha kamba ya usalama. Ifunge kutoka kwenye taa yenyewe hadi kwenye bamba la kigari, ikiwa imelegea sentimita 2 hivi, na isitumie tundu wala ndoano yoyote inayotumiwa na kining'inizio kikuu. Mara nyingi ndoano ndiyo inayoachia, na kamba iliyofungwa kwenye ndoano hiyohiyo itaanguka nayo.

Funga vizuizi vya chuma kwenye ncha zote mbili za reli. Kigari hakipaswi kuweza kutoka kwenye reli hata mtu akikisukuma kwa nguvu.

Sasa tumia mizani ya kuning'iniza: ifunge kwenye kigari kikiwa na taa, uivute polepole kutoka ncha hadi ncha. Isome inapotembea. Ikizidi kilo 1 mahali popote, kuna gurudumu lililokazwa mno au kiungo cha reli hakijalingana. Rekebisha sasa, kwa maana mota itakuficha tatizo hili kwa muda tu.

## Hatua ya 4: Mkanda na mota

Mota ikae mwisho mmoja kabisa wa reli. Puli ya pili ikae mwisho mwingine. Urefu wa mkanda ni mara mbili ya umbali kati ya vitovu vya puli, ongeza sentimita 4 za mzunguko wa puli, ongeza tena 10 za kushikia. Puli zikiwa zimeachana sentimita 230, kata 474.

Kila puli ya meno 20 ikizunguka mara moja, mkanda unasogea milimita 40. Mota ina hatua 200 kwa mzunguko. Maana yake ni hatua 5 kwa milimita, na kwa mwendo wa pole kama wetu taa ingekuwa inatetemeka tik-tik-tik na kuyumbisha vivuli ndani ya maji. Samaki wengi wanakimbia mtetemo huo. Draiva ya TMC2209 huigawa kila hatua mara 16, nasi tunapata 80 kwa milimita. Mwendo unakuwa laini na kimya.

Usiogope udogo wa mota. Kwenye puli hii, NEMA 17 ya kawaida yenye nguvu ya nyutoni-mita 0.4 inaweza kuvuta kama kilo 6 kabla ya kuruka. Umeshapima kwamba kigari kinahitaji chini ya kilo 1. Ziada hiyo ni kubwa kupita mahitaji, na ndiyo maana tutaipunguza baadaye: kigari kikibana mkono wa mtoto, afadhali mota iruke hatua.

Umefaulu ukiona: ukibonyeza mkanda katikati unarudi wenyewe, haugusi kigari, na puli zote mbili zinauacha katikati bila kuusugua pembeni.

## Hatua ya 5: Kebo

Niliwahi kufungua kebo ya taa iliyokufa ikiwa na miezi saba. Kwa nje ilikuwa nzima, ganda halina hata mkwaruzo. Nilipoichana kwa wembe, nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika zote kwenye urefu wa kucha moja, zimegeuka unga wa kijani. Ni pale pale ilipokuwa ikijikunja kila kigari kinapogeuka.

Kebo haifi kwa kutembea. Hufa kwa kukunjwa sehemu moja kwa kona kali. Dawa ni mnyororo wa kubebea kebo, unaolazimisha mkunjo uwe mpana na usambae.

Kanuni ninayoifuata: nusu ya kipenyo cha mkunjo isiwe chini ya mara 10 ya unene wa kebo. Kebo ya milimita 6 inataka mkunjo wa milimita 60. Unene ukizidi, badili kebo.

Mwisho usiotembea wa mnyororo ufungwe katikati ya reli, si mwishoni. Hivyo unahitaji nusu tu ya safari. Kwa safari ya sentimita 180: 90 za nusu safari, 19 za mkunjo wa milimita 60, na 6 za kushikia. Jumla sentimita 115.

Ndani ya mnyororo kebo zilale sambamba bila kusokotana na bila kufungwa kwa tai za plastiki. Zifungwe kwenye ncha mbili tu za mnyororo. Na kabla kebo yoyote haijafika kwenye soketi ukutani, iache ining'inie chini kuliko soketi kisha ipande. Matone yanayoteremka juu ya kebo yatadondokea sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi.

## Hatua ya 6: Swichi zinazosimamisha

Hii ndiyo hatua ya kutoharakisha. Mfumo wa zamani ulikuwa na swichi moja kila upande, na kazi ya swichi hiyo ilikuwa kugeuza. Ikishika chumvi, kigari kinasukuma ukuta, mota inapata moto, na taa inabaki juu ya tumbawe lilelile mchana kutwa.

Nimeona matokeo yake kwenye tangi la jirani: duara la matumbawe yaliyopauka meupe, upana wake sawasawa na upana wa taa, na nje ya duara kila kitu kina rangi. Zilikuwa siku mbili tu.

Tutaweka ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni hesabu. Bodi inajua kigari kiko wapi kwa kuhesabu hatua, na inageuza sentimita 30 kabla ya kioo.

Ngazi ya pili ni swichi ya sumaku, kushoto peke yake. Imefungiwa ndani ya kijibomba chake cha kioo, haina kitu cha kushika kutu. Kila kigari kinapofika kushoto, sumaku iliyo kwenye bamba inaigusa bila kugusana, na bodi inaanza hesabu upya kutoka sifuri. Hatua zilizopotea safari hii hazirithiwi na safari ijayo.

Ngazi ya tatu ni swichi mbili za IP67, sentimita 3 nje ya mahali pa kugeukia. Kigari kikizifikia, jambo limeharibika. Hizi hazizungumzi na programu kabisa. Ziunganishe kwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine, kati ya pini ya EN ya draiva (ya kuruhusu au kuzuia mota) na hasi. Na rizista ya kiloomu 10 kutoka EN kwenda voltu 5. Pini hiyo ikiwa chini, mota inafanya kazi. Saketi ikikatika, pini inapanda na mota inaachia.

Sababu ya kutaka aina iliyofungwa ni hii: waya ukikatwa na panya, au plagi ikichomoka, matokeo ni yaleyale ya swichi kubonyezwa. Mota inaachia. Kwa aina nyingine, waya uliokatika hausemi chochote mpaka siku unapouhitaji.

Kwa kuwa reli imelala, mota ikiachia taa haianguki. Inabaki ilipo, na haitatoka hapo mpaka mtu aje aisukume kwa mkono. Ndivyo ninavyotaka iwe.

Umefaulu ukiona: mota ikiwa imewashwa na imeshika, ukichomoa waya mmoja wa swichi, puli inazunguka bure kwa kidole. Rudia kwa kila waya. Isipoachia, usiendelee, moduli nyingine zina rizista zake ndani, pima EN kwa multimita na urekebishe kwanza.

## Hatua ya 7: Boksi la umeme

Boksi likae kando ya tangi, kamwe lisikae juu yake wala chini ya kifuniko chenye mvuke. Matundu ya kebo yaelekee chini.

Kapasita iwe karibu kabisa na pini za nguvu za draiva. Pini za MS1 na MS2 za draiva zote ziunganishwe na voltu 5 ili kupata mgawanyo wa 16. Mota usiichomoe wala kuichomeka umeme ukiwa umewaka, maana draiva inaweza kuungua papo hapo.

Rekebisha mkondo wa draiva hadi takriban nusu ya ule ulioandikwa kwenye mota. Kisha shika kigari kwa mkono kikiwa kinatembea: lazima uweze kukizuia bila kukunja uso.

Kuhusu kuzima taa yenyewe endapo kigari kitakwama: usitumie relei ya wazi kwenye umeme wa nyumba. Tumia waya wa kufifisha wa taa kama unao, wa voltu 0 hadi 10, au plagi ya kudhibitiwa iliyotengenezwa kiwandani. Kazi yoyote ya umeme wa ukutani mwachie fundi umeme.

## Hatua ya 8: Programu

Mantiki yake ni fupi. Ukiwaka, nenda kushoto polepole hadi sumaku, weka sifuri. Nenda kulia sentimita 180. Tulia. Rudi. Tulia. Rudia. Maktaba ya AccelStepper, yaani programu iliyokwisha kuandikwa ya kuongoza mota za hatua, inafanya sehemu kubwa ya kazi hii.

Kasi ni milimita 2 kwa sekunde: safari moja dakika 15, na hatua 160 kwa sekunde. Kuanza na kusimama kuchukue sekunde 5 au zaidi, taa isiyumbe.

Makosa mawili ya programu yanarudi mara kwa mara, na yote yanaonekana kama mota mbovu.

La kwanza ni ukubwa wa namba. Safari yetu ni milimita 1,800 mara 80, yaani hatua 144,000. Kwenye Arduino ndogo za biti 8, namba ya aina ya `int` inaishia 32,767. Ukiandika safari hiyo kwa `int`, kigari kitakwenda kipande kifupi au kitarudi nyuma kigonge. Tumia `long`. Dakika 15 kwa milisekunde ni 900,000, kwa hiyo muda nao uandikwe kwa `unsigned long`.

La pili ni kutumia `delay` wakati wa kutulia. Amri hiyo huilaza bodi; haisomi sumaku, haipigi king'ora, haifanyi lolote. Tumia `millis` kuangalia muda umepita kiasi gani.

Ongeza mlinzi: kama dakika 50 zimepita bila sumaku kuguswa, simamisha mota, fifisha taa hadi asilimia 10, piga king'ora. Mzunguko mzima ukiwa dakika 40, kama utakavyoona chini, dakika 50 zinaacha nafasi ya kutosha bila kuumiza tumbawe.

## Hatua ya 9: Siku moja bila taa

Ondoa taa. Mahali pake ning'iniza chupa za maji zenye uzito uleule, ubao ukiwa bado umefunika tangi. Acha mfumo utembee saa 24.

Weka kipande cha tepu kwenye reli mahali kigari kinapogeukia. Kesho yake kigari kigeukie kwenye tepu ileile, kisipishane hata milimita 1. Gusa mota: iwe ya uvuguvugu unaoweza kuuvumilia mkononi.

Kisha leta ubaya kwa makusudi. Shika kigari katikati ya safari mpaka mota iruke. Ondoa sumaku. Chomoa waya wa swichi. Zima umeme kisha uuwashe tena kigari kikiwa katikati. Kila mara mfumo usimame au ujirekebishe wenyewe, na king'ora kilie panapostahili. Ukiona jaribio moja linakuchosha, kumbuka kwamba utakuwa umelala au uko safarini litakapotokea la kweli.

## Hatua ya 10: Kupata dakika za kutulia

Sasa rudisha taa, ondoa ubao, na tuondoe giza la nchani.

Kwa nini ncha zina giza? Sehemu ya katikati inapata mwanga taa inapokaribia na inapoondoka, kutoka pande zote mbili. Ncha inapata kutoka upande mmoja tu, kisha taa inageuka na kwenda zake.

Simamisha taa kila baada ya sentimita 20, vituo 10 kutoka sentimita 30 hadi 210. Kwenye kila kituo pima mwanga sehemu zilezile, kina kilekile: sentimita 15, 30, 60 na 120 kutoka kioo cha kushoto. Tafuta wastani wa kila sehemu.

Huu ni mfano wa hesabu, tukichukua taa inayotoa PAR 300 moja kwa moja chini yake na kushuka pembeni. Bila kutulia, wastani unatoka hivi:

- sentimita 15: 54
- sentimita 30: 76
- sentimita 60: 107
- katikati, 120: 120

Ncha inapata chini ya nusu ya katikati. Sasa tuliza taa dakika 5 kila mwisho. Mzunguko unakuwa dakika 40: 30 za mwendo na 10 za kutulia. Taa ikitulia kushoto, sehemu ya sentimita 15 inapata 265, na katikati inapata 10 tu. Kwa sehemu ya sentimita 15: 30 mara 54, ongeza 5 mara 265, gawa kwa 40. Katikati: 30 mara 120, ongeza 10 mara 10, gawa kwa 40.

- sentimita 15: 74
- sentimita 30: 95
- sentimita 60: 104
- katikati: 93

Ncha imefika karibu asilimia 80 ya katikati, na hujaongeza taa wala umeme. Ni dakika 5 za kusimama.

Fanya hesabu hii kwa vipimo vyako, si vyangu. Lenga sehemu hafifu isiwe chini ya asilimia 70 ya ile kali. Dakika zikizidi 10, taa yako ni nyembamba mno kwa reli hii. Ongeza urefu wa safari kuelekea kioo, au inyanyue taa sentimita 5.

Na uangalie namba zenyewe. Taa ya 300 imekuachia wastani wa 70 hadi 105. Kwa mimea mingi ya maji baridi na matumbawe laini huo ni mwanga wa kufaa. Matumbawe magumu yenye matawi, ambayo wafugaji wengi huyawekea 200 hadi 350, yatataka taa mbili kwenye kigari kimoja. Kama ndivyo, rudi Hatua ya 3 na mizani yako mkononi.

## Hatua ya 11: Kuwazoesha walio majini

Wiki ya kwanza endesha taa kwa asilimia 50 ya nguvu, hata kama vipimo vinasema ni kidogo. Ncha zilizozoea giza zina matumbawe yaliyozoea giza. Panda asilimia 5 kila wiki, na ukiona tumbawe linapauka au linajikunja mchana, rudi ngazi moja na utulie hapo wiki mbili.

Samaki watajificha siku mbili tatu za mwanzo. Wakiendelea kujificha wiki nzima, tazama kivuli kinachotembea chini: mara nyingi taa inayumba inapoanza mwendo. Ongeza sekunde za kuanza kutoka 5 hadi 10.

Asubuhi taa iwake hafifu ikiwa imesimama, kigari kianze kutembea baada ya nusu saa. Saa 8 hadi 10 kwa siku zinatosha. Mwani ukianza kushamiri kwenye ncha zilizopata mwanga upya, punguza saa kabla ya kupunguza nguvu ya taa.

## Usafi wa kila mwezi

Chomoa plagi. Futa reli na magurudumu kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Usipake grisi wala mafuta kwenye reli: hushika vumbi na chumvi na kutengeneza msasa. Kagua kamba ya usalama kwenye vibano vyake, hapo ndipo nyuzi huanza kukatika.

Vuta kigari kwa mizani na uandike namba. Ikiwa mwezi wa kwanza ilikuwa gramu 600 na sasa ni 900, beringi moja inaanza kufa, na una muda wa kutosha kuibadilisha.

Mwisho, chomeka tena plagi, kisha bonyeza kila swichi ya ukomo kwa kidole huku kigari kikitembea. Mota isipoachia papo hapo, zima mfumo na usiuwashe mpaka ujue kwa nini.